Mkuu wa zimamoto achaguliwe vipi? Mimi nataka kuona karatasi

Kwetu Uganda cheo kikubwa kikitangazwa, kabla mwenyewe hajashona hata nyota mpya begani watu washamaliza kumchambua: anatoka upande gani wa nchi, nani alimshika mkono, aliwahi kumbebea mkoba mkubwa yupi, mke wake ni wa ukoo gani. Na wala siwalaumu, maana hawana kitu kingine cha kuchambua. Signal, yaani ujumbe wa polisi wa kuteua na kuhamisha watu, imesomwa, jina limetoka, picha ya kuvishwa cheo imezunguka WhatsApp, basi, hiyo ndo taarifa yote tuliyopewa, na mtu ukimnyima taarifa atajijazia mwenyewe kwa umbea.

Kuna vyeo ambavyo umbea haudhuru sana. Akiteuliwa mkuu wa itifaki asiyejua kazi, mgeni fulani atakalishwa kiti kisicho chake, tutacheka wiki moja, yataisha. Ya zimamoto si ya kucheka. Huyo ndo anaamua gari linunuliwe la aina gani, kituo kiwekwe wapi, vijana wafundishwe nini, na siku soko linawaka usiku ndo anapigiwa simu aseme wabomoe upande upi. Kwenye mabishano yote niliyosikia ya nani kapewa na nani kanyimwa, kwenye taxi, saluni, nje ya msikiti, bado sijasikia mtu akiuliza: huyu amesimamia moto mingapi?

Mimi sina shida na watu kugombania cheo cha mkuu wa zimamoto. Wagombanie tu. Shida yangu ni kwamba sisi tunagombana bila karatasi, yaani hakuna masharti yaliyobandikwa, hakuna mtihani, hakuna alama, hakuna orodha, kwa hiyo hata aliyeonewa kweli hana cha kushika mkononi akaenda nacho mbele, na aliyepewa kihalali naye hana cha kuonyesha akasafisha jina lake. Wote wawili wanaumia, na banange, wa pili humsikii akitajwa kabisa.

Angalia wenzetu wa New Haven, jimbo la Connecticut kule Marekani, mji mdogo sana ukiuweka karibu na Kampala. Mwaka 2003 zimamoto yao ilitaka kupandisha maluteni na makepteni, ngazi ambazo ndo unapitia kuelekea kuwa chifu. Wakatangaza mtihani, wazimamoto 118 wakaukaa. Mkataba kati ya mji na chama cha wafanyakazi ulikuwa umeshasema karatasi ya kuandika ni asilimia 60 na mahojiano ya mdomo asilimia 40, na sheria ya mji ikasema nafasi ikitokea lazima ijazwe na mmoja kati ya watatu wa juu kwenye orodha. Vitabu vya kusoma vikatajwa, watu wakapewa miezi mitatu. Mmoja wao, Frank Ricci, ana disleksia, kusoma kwake ni vita, sasa jamaa akaacha kazi yake ya pili, akatumia zaidi ya dola 1,000 kwa vitabu na kumlipa mtu amsomee kwenye kanda ili yeye asikilize, na akasema alikuwa anasoma saa 8 mpaka 13 kwa siku.

Matokeo yakatoka. Nafasi za luteni zilikuwa 8, na kumi wa kwanza wote weupe. Za kepteni zilikuwa 7, na waliofikia kustahili walikuwa weupe 7 na Wahispania 2, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mweusi hakuna, katika mji ambao weusi na Wahispania kwa pamoja walikuwa karibu asilimia 60 ya watu. Hapo wakubwa wa mji wakaingiwa na baridi. Weusi wanasema mkipitisha haya tunashtaki, weupe wanasema mkitupa haya tunashtaki sisi. Bodi ya utumishi ikapiga kura, 2 kwa 2, mjumbe mmoja alikuwa amejitoa, na kwa sababu ya sare hiyo matokeo hayakuthibitishwa, hakuna aliyepandishwa. Ricci na wenzake wakaenda kortini, wakashindwa, wakakata rufaa kwa jopo ambalo jaji Sonia Sotomayor alikuwemo, wakashindwa tena, halafu tarehe 29 Juni 2009 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa kura 5 kwa 4. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba hofu ya kushtakiwa peke yake haitoshi kuufanya mji utupe mtihani, lazima uwe na ushahidi mzito kwamba mkipitisha kweli mtakuwa mmevunja sheria. Ricci baadaye alipanda mpaka akawa chifu wa bataliani.

Ukiniuliza mimi, kosa la mji lilikuwa la saa. Kubishana na kipimo ni halali kabisa, lakini bishana nacho kabla hujaona majina. Ukisubiri majina ndo useme kipimo kibaya, unakuwa refa aliyengoja mpira uingie wavuni ndo atangaze kwamba leo goli za kichwa hazihesabiki, na hata kama ulikuwa na hoja nzuri ya dhati hakuna atakayekuamini.

Lakini msikimbilie kunipigia makofi, kwa sababu upande wa pili nao una neno zito, na hapa ndo wachambuzi wengi wanaruka. Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika kwa niaba ya wale wanne walioshindwa, aliuliza swali ambalo mzimamoto yeyote angeuliza: karatasi ya maswali ya kuchagua jibu inapima nini hasa? Inapima kukariri. Ofisa wa zimamoto anatakiwa awe na kichwa kilichotulia kwenye moshi, ajue kutoa amri, watu wamsikie. Akataja mji jirani wa Bridgeport ambako mahojiano ya mdomo yalipewa uzito mkubwa na maofisa weusi na Wahispania walikuwa wengi zaidi. Na kama vile kuthibitisha maneno yake, baada ya hukumu akajitokeza mzimamoto mweusi wa New Haven, Michael Briscoe, ambaye kwenye mahojiano ya mdomo ya luteni ndo alikuwa wa kwanza kuliko wote, lakini ile asilimia 60 ya kuandika ikamshusha mpaka akakosa nafasi. Naye akashtaki, akisema huo mgawanyo wa 60 kwa 40 haukutokana na utafiti wowote wa kazi, ulitokana na mkataba tu. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikasema kesi yake isizuiwe kwa sababu ya ile ya Ricci.

Kwa hiyo unaona, ugomvi umechukua miaka, umechosha watu, umekula hela za mawakili. Lakini kila hatua watu walikuwa wanabishana juu ya kitu kinachoonekana. Sitini kwa arobaini, ni sawa au si sawa? Watatu wa juu, ni sawa au si sawa? Mtu wa mwisho kabisa kwenye orodha anajua yeye ni wa ngapi. Mimi nawaonea wivu, sio kwa kesi, kwa hiyo orodha.

Sasa kipimo kizuri kikoje? Kuna sajini mmoja wa zimamoto huwa tunakutana kwenye kibanda cha mama mmoja Katwe, asubuhi, katogo na chai. Nikamuuliza hivi, afande, ukipewa wewe kuchagua mkubwa wako ungemuuliza nini. Hakujibu, akakusanya vifuniko vya soda akavipanga mezani juu ya nailoni, mistari minne imebanana, akasema hili ni soko, hapa katikati panawaka, sasa ni saa saba usiku, umefika na gari moja. Nikasema nashuka na mpira namwaga maji. Akacheka mpaka mama akageuka. Akasema tangi lako lina lita 5,000, mpira wako unakula lita 500 kwa dakika, dakika kumi umebaki na gari la kubeba watu, na haidranti ya karibu, lile bomba la barabarani la kujazia maji gari la zimamoto, kuna mtu kaijengea kiosk juu yake. Umeme umekatwa? Hujui, na vijana wako wanakanyaga waya. Huku wenye maduka wanatoa marobota ya mitumba kupitia njia ile ile unayotaka kuingizia mpira, na nyuma yao vibaka wanapokea. Halafu akaondoa kwa kidole vifuniko sita ambavyo bado havijaguswa na moto, mstari mzima, akavisukuma pembeni. Hivi ndo kazi, akasema. Unavunja vibanda vya watu ambavyo bado vizima ili moto ukose pa kurukia, na mwenye kibanda amekushika shati analia, na ukichelewa dakika tano kwa sababu ya huruma soko lote limekwenda.

Afande wa kufanya uamuzi huo humjui kwa kusoma CV. Lakini pia humkosi ukimweka mbele ya vifuniko vya soda na watu watatu wanaojua kazi wakimuuliza maswali. Huo ni mtihani, haugharimu kitu, na unaweza kutolewa alama.

Turudi kwetu. Zimamoto ya Uganda haiko chini ya mji, iko ndani ya polisi, ni kurugenzi kama zilivyo kurugenzi nyingine, na mkuu wake ni ofisa wa polisi mwenye cheo cha polisi. Majirani wamechagua njia zingine. Tanzania wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lina sheria yake ya 2007, lina Kamishna Jenerali wake, namba yake 114, kijana akiingia pale chini anaona ngazi yote mpaka juu na ni ngazi ya zimamoto tupu. Kenya, katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kuzima moto, kwa hiyo Nairobi ikiungua mwananchi anajua gavana yupi wa kumpigia kelele. Sisi kijana anaingia polisi, anapelekwa zimamoto, anafundishwa, anaungua nywele huko miaka, halafu signal moja inaweza kumtoa akalinde benki, na signal nyingine ikamleta mtu wa trafiki aje kumwongoza aliyebaki. Sisemi imetokea kwa fulani na fulani. Nasema sistimu inaruhusu, na mlango ukiachwa wazi usishangae siku mtu akipita.

Na polisi wenyewe wanalijua hili jambo kwa uchungu wao. Mwaka 2001 waliletewa IGP, yaani mkuu wa polisi nchi nzima, kutoka jeshini, Katumba Wamala, halafu 2005 wakaletewa mwanajeshi mwingine, Kale Kayihura, aliyekaa mpaka 2018. Wapo wanaowasifia, sitaki kuingia huko. Lakini manung'uniko ya polisi wa kazi miaka ile, wale waliopanda kuanzia konstebo wakaona kilele kimewekewa mtu kutoka nje, hayakuwa siri, na alipoingia Okoth Ochola 2018, mtu wa polisi, wengi walipumua, na baada yake 2024 akaja Abas Byakagaba, naye mtu wa polisi. Sasa kama mnajua ladha ya kuongozwa na mtu aliyekulia kwingine, kwa nini mzimamoto naye asionewe huruma hiyo hiyo?

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Moto wa Uganda mara nyingi ni moto wa watu wengi. Tarehe 29 Juni 2013 pale Namungoona, lori la mafuta lilipata ajali, watu wakaja na madumu kuchota petroli, ukawaka, wakafa zaidi ya 30. Oktoba 2024 Kigogwa barabara ya Bombo hadithi ikawa ile ile, lori limeanguka, watu wamekuja kuchota, moto. Mahali kama hapo kazi ya kwanza sio povu wala maji, ni kurudisha watu nyuma, na mtu mwenye magwanda ya polisi anasikilizwa haraka kuliko mwenye kofia ya zimamoto tu. Kwa hiyo kuwa nyumba moja na polisi kuna faida. Ila faida hiyo inatokana na polisi na zimamoto kuwa na redio moja na kufika pamoja, haitokani na mkuu wa zimamoto kuchaguliwa kimya kimya. Hivyo ni vitu viwili.

Halafu nyumba moja na polisi ina hatari yake pia. Birmingham, Alabama, mwaka 1963, polisi na zimamoto vyote vilikuwa chini ya bwana mmoja, Bull Connor, kamishna wa usalama. Mwezi Mei watoto wa shule weusi waliandamana, Connor akaamuru mipira ya zimamoto ifunguliwe juu yao, na dunia nzima ikaona picha. Ile mipira ilinunuliwa kuzima nyumba za wazazi wa watoto wale wale. Na miaka mingi baadaye mji huo huo ndo ulikuwa kortini kwa kesi za kupandishana vyeo zimamoto, makubaliano ya 1981 ya kuwapa weusi nafasi, weupe wakayapinga mpaka Mahakama ya Juu 1989 wakaruhusiwa kushtaki, kisha Bunge la Marekani likabadilisha sheria 1991. Mbegu iliyopandwa na uongozi mbaya ilichukua kizazi kizima kung'olewa. Sisi Kampala tunayajua magari ya polisi ya maji ya kuwasha, yale ya kutawanyia waandamanaji, watu wa mjini wanasema yanafika haraka kuliko ya zimamoto, sina saa ya kupima hilo ila nafahamu kwa nini wanasema.

Sasa hebu fikiria na upande wa kumwondoa, kwa sababu kupandisha na kushusha ni mlango mmoja. Januari 2025 Los Angeles iliungua, moto wa Palisades ulianza tarehe 7, na meya Karen Bass siku hiyo alikuwa huku kwetu Afrika, Ghana, kwenye kuapishwa kwa John Mahama. Chifu wa zimamoto, Kristin Crowley, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo pale, alisema hadharani kwenye televisheni kwamba mji uliikata bajeti yake. Tarehe 21 Februari meya akamfukuza, akasema kuna wazimamoto kama 1,000 wangeweza kuwa kazini asubuhi ile wakarudishwa nyumbani, na kwamba chifu alikataa kuandika ripoti ya tathmini. Chifu akakata rufaa kwa baraza la mji, wakasikiliza mbele ya kamera, akashindwa kura 13 kwa 2. Sijui kama alionewa, naona meya alihitaji mtu wa kumbebesha mzigo. Lakini mwananchi wa Los Angeles alisikia pande zote mbili, akajua madiwani wawili waliopinga ni akina nani, na atapiga kura akiwa na habari hiyo.

Kampala ikiungua nani anaitwa mbele ya baraza? Lord Mayor, yaani meya wa jiji, haongozi zimamoto, na KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, hali kadhalika. Dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kufukia watu, Septemba rais alimwondoa Dorothy Kisaka, mkurugenzi mtendaji wa KCCA. Uwajibikaji ulikuwepo, sikatai, lakini ulitoka juu kwenda chini kwa barua, na mkazi wa Kiteezi akasikia redioni kama mimi na wewe.

Alafu kuna huu ugonjwa wa ukaimu. Jennifer Musisi alipoondoka KCCA Desemba 2018, Andrew Kitaka alikaimu mpaka Kisaka alipoingia Juni 2020, mwaka mmoja na nusu mtu anaendesha mji mkuu huku kiti si chake. Simlaumu Kitaka hata kidogo. Kaimu yeyote anaishi kwa mguu mmoja nje, hawezi kumgusa mtu mwenye mjomba mkubwa, hawezi kuandika mpango wa miaka mitano, kila asubuhi anaangalia nani kaitwa Ikulu. Kwenye zimamoto kaimu ni hatari mara mbili, maana kazi yenyewe ni kuwaambia matajiri hapana. Mwenye jengo la ghorofa pale mjini amefunga ngazi ya dharura akaigeuza stoo, nani atamfungia jengo? Kaimu? Shule ya Budo Junior, Aprili 2008, watoto karibu 20 waliungua bwenini. Shule ya vipofu ya Salama kule Mukono, Oktoba 2022, wakafa 11, wengi wao watoto wasioona. Ukaguzi wa mabweni unataka mtu asiyeogopa simu.

Narudi kwenye mtihani, kwa sababu najua mtu atasema huyu anatuletea mambo ya Wazungu. Kweli, ukiuchukua ule wa New Haven ukauleta hivyo hivyo utaharibu. Fikiria karatasi ya asilimia 60, Kiingereza kizito, maswali ya kuchagua. Nani atashinda? Atashinda aliyesoma shule nzuri za Wakiso, akapita chuo, labda hajawahi kumeza moshi. Konstebo wa Arua au Moroto aliyezima moto wa nyasi na wa maduka miaka kumi na mbili, anayetoa amri kwa Kiswahili safi mpaka mtu anakimbia kabla sentensi haijaisha, atakuwa wa mwisho. Huyo ndo Briscoe wetu. Na sisi tuna njia ya kumsaidia ambayo New Haven hawakuwa nayo, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili toka katiba irekebishwe 2005, na ndo lugha inayotumika polisi na jeshini tangu babu zetu. Mtihani wa mdomo na wa vitendo ufanyike kwa Kiswahili kwa anayetaka, upewe uzito mkubwa kuliko wa kuandika, na karatasi ya kuandika ibaki kwa vitu ambavyo kweli vinaandikwa, ripoti ya moto, hesabu ya maji, sheria ya ukaguzi. Kwenye moto wa Chuo Kikuu cha Makerere, Septemba 2020, jengo kuu lilianza kuungua kutokea juu likashuka chini, na baada ya moto kuna kazi ya uchunguzi na kuandika, kwa hiyo kalamu haiwezi kutupwa kabisa. Ila isiwe ndo mfalme.

Watasema ni siri za usalama. Siri gani? Tuna Sheria ya Kupata Habari toka 2005, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali isipokuwa zile zinazogusa usalama wa taifa na mambo ya namna hiyo. Masharti ya kuwa mkuu wa kituo cha zimamoto hayagusi mpaka wala mwanajeshi. Miaka fulani ya kazi ya moto, kozi fulani, mtihani fulani, alama ya chini fulani. Adui akisoma hayo atajua nini, kwamba tunazima moto?

Na sidai tuanze na mkurugenzi, kile ni cheo kinachopita mikono mirefu na Bunge halitabadilisha sheria kwa sababu mimi nimeandika. IGP anaweza kuanza na wakuu wa vituo vya zimamoto ndani ya Kampala Metropolitan, nafasi zikitokea zitangazwe ndani ya kikosi miezi mitatu kabla, mgawanyo wa alama ubandikwe mlangoni siku hiyo hiyo, na orodha ibandikwe mlango huo huo mtihani ukiisha. Aliyeshindwa ajue ni wa ngapi. Miaka kumi ya hivyo na utakuwa na watu ishirini au thelathini ambao kila mmoja ana faili, na rais yeyote atakayekuja akitaka mkuu wa zimamoto atachagua humo, na akichagua nje ya humo sote tutaona.

Kuhusu nani asahihishe, hapa New Haven walifanya kitu kizuri ambacho kelele za kesi zimekifunika: mahojiano ya mdomo yalisahihishwa na wazimamoto wakubwa waliotoka nje ya jimbo la Connecticut, watu wasiomjua mtahiniwa wala mjomba wake. Sisi tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuitumie basi. Leta wawili kutoka Dodoma na wawili kutoka Nairobi, Kiswahili wanakijua, moto wa masoko wanaujua, na Kampala hawana wa kumwogopa. Wa Nairobi anapanda basi jioni, asubuhi yuko hapa, na nauli ya wote wanne haifiki bei ya tairi za gari moja la zimamoto.